Okidi ya Sapatu

Lugha yetu ina majina mengi ya viatu. Kuna makubadhi, mitalawanda, ndara, kandambili na sapatu, na kila jina lina mguu wake na mahali pake. Lakini haina jina la ua ambalo nimelitunza kwa miaka kadhaa katika baraza ya nyumba yangu mjini Nairobi. Wataalamu huliita Paphiopedilum, neno lililotungwa na Mjerumani Ernst Pfitzer mwaka 1886 kwa kuunga jina la Pafo, mji wa Kuprosi uliosifika kwa ibada ya Afrodite, na neno la Kiyunani lenye maana ya kiatu. Mimi naliita okidi ya sapatu. Rafiki yangu mmoja alipendekeza makubadhi, kwa kuwa yana heshima zaidi. Lakini makubadhi yako wazi vidoleni, na petali ya chini ya ua hili imefumba mbele kama sapatu ya bibi arusi. Mwalimu wa lugha hana budi kukitazama kitu kabla ya kukipa jina.

Ua hili si la kwetu. Afrika ina okidi nyingi, nyingine nzuri mno, lakini hakuna hata moja ya ukoo huu iliyoota barani humu bila ya kuletwa. Makao yake ni Asia, tangu India na kusini mwa China mpaka Borneo na Nyugini. Yangu huitwa insigne, na asili yake ni milima ya Khasi, kaskazini-mashariki mwa India, penye mvua kubwa na majabali ya chokaa. Watu wa Ulaya waliiandika katika vitabu vyao mwaka 1821. Majani yake ni ya kijani kitupu, marefu na membamba kama mishipi. Kila kikonyo huchukua ua moja. Jani la juu la ua husimama kama kilemba: katikati ni kijani chenye madoa ya hudhurungi, ukingoni ni jeupe. Ubavuni zimetandaa petali mbili za rangi ya asali, na chini yake iko sapatu yenyewe, iking'aa kana kwamba imepakwa vanishi. Mgeni mmoja aliligusa kwa ncha ya kidole akauliza kama ni la plastiki. Sikumlaumu.

Uzuri huo una hila ndani yake. Sapatu ni mtego. Mdudu huteleza akaanguka ndani, hushindwa kutoka alikoingilia, na hana njia ila kupanda ngazi ya vinyweleo iliyoko nyuma. Huko hujipenyeza kando ya chavua, akatoka na mzigo mgongoni bila ya ujira wowote. Jamaa yake mmoja wa mlima Kinabalu, huko Borneo, ana madoa yanayofanana na vidukari, hata inzi fulani hutaga mayai yake pale akidhani kuwa watoto watakuta chakula. Wakianguliwa hufa njaa. Nimesoma ngano nyingi za ujanja wa sungura, na sijaona ukatili kama huu.

Katika malezi, jambo la kwanza ni kufahamu ya kuwa mmea huu hauna ghala. Okidi nyingi zina mashina manene yawekayo maji ya siku za kiangazi. Huu hauna, basi usiachwe ukauke, wala usizamishwe. Udongo wa shamba huusonga mizizi ikakosa hewa. Mimi hutumia magome ya msonobari, mkaa, na vijiwe vyepesi vya volkeno kutoka Bonde la Ufa, na kila mwaka wa pili huyatupa magome yaliyogeuka kuwa vumbi nikatia mapya. Maji ni ya mvua, nayo hutiwa asubuhi, pembeni. Maana yakilala usiku kucha katikati ya majani, moyo wa shina huoza, na shina lililooza moyo halina dawa. Juu ya magome hunyunyiza unga wa makombe ya chaza, ili mizizi ipate chokaa iliyoizoea kwao. Jua la asubuhi lautosha hata saa tatu. Yaliyobaki huyafanya mji wenyewe, ambao kwa kuwa juu ya bahari kwa kadiri ya meta 1,700 huupa mmea usiku wa baridi, na bila ya baridi insigne huota majani tu.

Tena kila shina huchanua mara moja tu maishani, kama mgomba uzaavyo mkungu mmoja. Likisha kuchanua, hubaki hai miaka kadhaa likilisha watoto walio ubavuni pake.

Mbegu zake ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na porini haziwezi kuota bila ya msaada wa kuvu. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha ya kuwa mbegu za okidi zaweza kuoteshwa katika chupa, juu ya chakula chenye sukari. Hata hivyo safari ya kutoka chupani mpaka ua la kwanza ni ya miaka, na mche wa mbegu ni mtu mwingine, si mzazi wake. Okidi nyingine huzidishwa maabarani kwa maelfu kutokana na kipande kimoja cha chipukizi; ukoo wa sapatu umekuwa mgumu mno kwa ufundi huo. Atakaye mmea ule ule, njia yake ya tangu kale ni kugawa, mkono kwa mkono. Tasnifu yangu ya uzamivu ilihusu miswada ya tenzi, nami nilizoea kuona kila mnakili akibadili herufi hapa na neno pale. Hapa hakuna kunakili. Sehemu iliyogawanywa ni asili yenyewe, imekaa mahali pawili.

Wasioweza kungoja hung'oa porini. Okidi moja ya Vietnam ya kaskazini ilipewa jina la kisayansi mwaka 1999, na kabla ya miaka mitano kupita wachumaji walikuwa wamekwisha kuimaliza karibu yote. Naam, tangu mwaka 1990 mkataba wa kimataifa umeuweka ukoo mzima katika daraja la juu kabisa la ulinzi, lakini mkataba hausimami msituni usiku. Nilipokuwa ng'ambo kwa utafiti, mtu alinitolea chini ya meza mche uliochubuka majani, mizizi yake imekatwa kwa panga, akanong'ona bei nafuu. Mmea uliolelewa chunguni hauna majeraha ya namna ile. Niliurudisha. Aliucheka uungwana wangu, na yamkini aliuuza kabla ya adhuhuri.

Chungu changu kilikuja kwa njia nyingine. Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Limuru, na mwaka 1978 mwalimu mwenzake aliyekuwa akistaafu alimpa mashina matatu ndani ya kopo la maziwa. Alipofariki mwaka 2019, mashina yalikuwa kumi na manne. Habari za kiwanja zilikuwa zimekwisha kutuchosha, na tulikuwa tukisemezana kwa adabu ya watu waliokasirika. Ndipo mdogo wangu, akaaye Eldoret, akasema, "Kaka, mama alituzaa watatu. Chungu nacho kigawanywe mara tatu."

Hesabu yake ilikuwa sahihi, na mmea ungeikubali, kwa kuwa fungu la mashina yasiyopungua matatu huweza kujitegemea. Tatizo lilikuwa dada yetu. Yeye ameolewa Mombasa, na joto la Mombasa lingemnyima ua maisha yake yote. Haki ya karatasi ingempa majani. Nilichelea kulisema jambo hilo mbele ya mdogo wangu, kwa maana lingesikika kama hila ya kujilimbikizia. Dada akalisema mwenyewe: "Langu likae pamoja na lako, ndugu yangu. Lakini ni langu. Usije ukalisahau jina lake."

Tuligawa kwa mikono, bila ya kisu, tukiifumbua mizizi pole pole mpaka ikaachana yenyewe. Mdogo wangu alichukua matano. Mafungu yote mawili yalinuna. Mwaka wa kwanza hayakuchanua, wala wa pili, na mdogo wangu akanipigia simu kuuliza kama nilimpa upande mbovu. Nilimpelekea picha ya majani yangu, matupu kama yake. Tangu hapo alipiga kila mwezi, na mazungumzo yaliyoanza kwa mizizi yalikuwa yakiishia kwa watoto na karo. Mwaka 2023 lake lilichanua kwanza. Langu lilifuata baada ya wiki sita, na bado lake halijaanguka.

Makombe ya chaza ni ya dada. Huyaokota, huyaosha, huyatwanga katika kinu cha zamani, na huyaleta kila ajapo kulitazama fungu lake, ambalo nimelitia kibao chenye jina lake. Mwaka huu lina matumba mawili, na moja limeelekea ukutani. Sikigeuzi chungu, maana ua hujipinda likifuata mwanga. Nimemwandikia aje kabla ya Agosti kwisha, tena asije mikono mitupu, kwa kuwa unga uliobaki haujazi kijiko.