Jasho si mafuta

Ukipita kando ya barabara ya Namanga pale Kitengela siku ya Jumamosi asubuhi, bila shaka utawaona. Akina mama kwa akina baba, wengine wamejifunga vitambaa kichwani, wengine wamevaa raba zilizonunuliwa juzi, wote wanakimbia vumbini huku malori yakiwapita. Ni jambo la kutia moyo. Kisukari na shinikizo la damu vimebisha hodi katika nyumba nyingi mno, na daktari akikwambia utoke ukatembee, huna budi kutoka.

Lakini hebu tazama mavazi ya baadhi yao. Saa nne unusu, jua limeshapanda, na mtu amevaa jaketi nzito ya nailoni, zipu imefika kidevuni. Kuna wanaojizungushia tumboni ile plastiki nyembamba ya kufungia vyakula. (Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, lakini yaelekea matumbo yetu hayakupata habari.) Ukiuliza sababu utajibiwa, "Natoa mafuta."

La hasha, hutoi mafuta. Unatoa maji na chumvi kidogo. Mafuta huchomwa na misuli ikifanya kazi, na yakishachomwa, sehemu kubwa yake hutuondoka kama hewa chafu tunayopumua nje. Ile kilo moja unayoifurahia kwenye mizani baada ya kukimbia ukiwa umejifunga kama mzigo wa mitumba, itarudi utakapokunywa maji.

Na kuna hatari, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Misuli ya binadamu ni kama injini ya lori kuukuu. Katika kila shilingi 100 za nguvu inayotumia, ni shilingi 20 au 25 tu zinazokusogeza mbele. Zilizobaki zote ni joto. Kama joto hilo lingekosa pa kutokea, mwili wa mtu anayekimbia ungepanda nyuzi moja kila baada ya dakika saba au nane. Anza na nyuzi 37 za kawaida, kimbia nusu saa, na umefika 41, kiwango ambacho ubongo huvurugika.

Tunaokolewa na jasho. Damu hubeba joto hadi kwenye ngozi, tezi zaidi ya milioni mbili huilowesha ngozi hiyo, kisha upepo huikausha. Kukauka huko ndiko kunakopoza. Lita moja ya jasho iliyokauka mwilini huondoka na takriban kalori 580 za zile zinazohesabiwa katika vyakula, yaani joto lote analotengeneza mtu wa kawaida akikimbia polepole kwa saa nzima, na zaidi. Bali tone linalodondoka chini limepotea bure. Na jasho lililofungiwa ndani ya jaketi haliwezi kukauka hata lingekuwa debe.

Jirani yangu mmoja, mama aliyepita miaka arobaini, tulikuwa tukikimbia naye. Jumamosi moja ya Februari alitoka na jaketi yake, na chini yake plastiki.

"Dada, vua hiyo jaketi," nilimwambia.

"Hebu niache, mdogo wangu. Harusi ni Aprili."

Tulipokaribia kilomita ya tano alianza kwenda upande kama mlevi. Akaniuliza tumemwacha wapi mtoto. Mtoto mwenyewe yuko chuo, ana ndevu. Kisha akaketi chini, ngozi ikiwaka moto. Wengi hudhani aliyezidiwa na joto huwa amekauka jasho. Anayezidiwa akiwa mazoezini anaweza kuwa ametota chepechepe, kama alivyokuwa yeye.

Watu wakajaa. Mmoja akasema afunikwe, eti baridi itamwingia. Mwingine akaita bodaboda. Aliyetufaa ni mama mmoja mwenye kibanda cha mboga, ambaye alileta mtungi wake wa lita 20 na kisu cha kukatia sukuma. Tulimburuta hadi kivulini, tukavua jaketi, tukaikata plastiki, tukammwagia maji tangu utosini hadi miguuni huku wawili wakimpepea kwa leso na kipande cha katoni. Ilipita robo saa au zaidi kabla hajaniita kwa jina.

Msomaji, likumbuke hilo hata ukisahau mengine yote. Madaktari wa michezo husema mtu apozwe kwanza, asafirishwe baadaye. Kila dakika ambayo mwili unatokota ni hasara kwa ubongo, figo na ini. Na maadamu amechanganyikiwa au amezimia, usimtie maji kinywani, yatampalia. Mmwagie.

Zahanati ya kwanza tuliyofika, ambayo sitaitaja, walimpa tembe za kupunguza homa na kumwambia aende nyumbani akalale. Hii haikuwa homa. Katika homa mwili wenyewe umepandisha kipimo chake, na dawa hukishusha. Aliyezidiwa na joto la mazoezi kipimo chake hakijapanda, ila joto limekuwa jingi kuliko njia za kutokea, na tembe hizo hazimfai kitu. Tulisonga mbele hadi hospitali kubwa, wakamlaza siku tatu wakipima damu kuchunguza figo na ini. Mungu si Athumani, akapona. Siku ya kutoka alipanda mizani na kunong'ona, "Kilo mbili zimetoka, wajua!" Zilirudi kabla ya Jumapili, kwa uji.

Sasa, kuna ujanja wa hali ya hewa ya kwetu ambao yafaa uujue. Kitengela na Kajiado ziko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa mbugani ni mkavu. Jasho hukauka kabla hujaliona, unabaki na chumvi nyeupe kwenye paji la uso. Mwili unapoa vizuri, lakini unadhani hujapoteza kitu, ilhali umepoteza maji mengi. Pwani ni kinyume. Hewa imejaa unyevu, jasho linatiririka na halikaushi. Tulishuhudia wenyewe Mombasa tarehe 24 Machi 2007, katika mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, ambaye alikuwa ameshinda mbio ndefu na fupi miaka mitano mfululizo, alishindwa na joto lile na kuacha mbio kabla ya utepe. Zersenay Tadese wa Eritrea akanyakua dhahabu. Wala giza si dawa. Kule Doha mwaka wa 2019 marathoni ya wanawake ilianzishwa usiku wa manane ili kulikwepa jua. Walianza 68, wakamaliza 40.

Hata swala tomi wa mbuga za Kitengela, wachache waliosalia, wana hila zao. Watafiti Taylor na Lyman walionyesha mwaka wa 1972 kwamba swala huyo akikimbia, damu yake ikapata moto, ubongo wake hubaki na joto la chini kuliko damu hiyo. Sisi hatukujaliwa mtambo kama huo. Tuna jasho, na tuna akili ya kuvaa nguo nyepesi zinazopitisha upepo.

Mwili hujifunza pia. Mgeni aliyehama kutoka Limuru kwenye ukungu asianze na kilomita kumi. Ampe mwili wake siku 10 hadi 14 za mazoezi mafupi, nao utaanza kutoa jasho mapema, jingi zaidi na lenye chumvi kidogo, na damu itaongezeka maji. Akikaa majuma machache bila mazoezi ya joto, faida hiyo hupotea. Kuhusu kunywa, fuata kiu yako. Kunywa lita nyingi kwa pupa nako huzimua chumvi ya damu, na kumewahi kuua wakimbiaji. Wanaotumia dawa za presha zinazokojoza wamwulize daktari kwanza, na mwenye malaria akae kitandani.

Kinachoniudhi zaidi ni watoto. Mpwa wangu anasoma katika shule moja ya Kajiado, na mwaka jana mbio za nyika zilipangiwa saa saba mchana, baada ya hotuba za wageni. Wasichana wawili walianguka. Nilipomwuliza mwalimu kwa nini hakukuwa na maji njiani, alinijibu kwa upole kabisa, "Mama, wakinywa watalegea."

Nilimsimulia habari ya Sapporo. Tarehe 7 Agosti 2021, katika marathoni ya wanawake ya Olimpiki, wakuu waliamua jioni ya kuamkia mbio kwamba wanariadha waondoke saa kumi na mbili asubuhi badala ya saa moja, kwa hofu ya joto. Peres Jepchirchir akapata dhahabu, Brigid Kosgei fedha. Ikiwa Olimpiki nzima, na televisheni za dunia nzima, iliweza kusogezwa kwa usiku mmoja, hotuba za wageni zina uzito gani?

Mzazi mwenzangu, muhula huu ukiletewa barua ya michezo, uliza mbio zinaanza saa ngapi. Uliza kama pana kivuli na maji penye utepe, na kama mtoto akisema hawezi tena ataruhusiwa kuketi. Shule ya mpwa wangu sasa hukimbia saa moja unusu asubuhi, kabla wageni hawajafika. Mitungi ya maji tulileta sisi wazazi.