Safu Tatu Nyuma Yao



Wapendwa, juma hili Baba Paroko ametuomba sisi wazazi tuandike tafakari juu ya malezi ya vijana. Hatuna elimu kubwa katika jambo hilo. Tunao watoto wawili tu, binti wa miaka 16 na mvulana wa miaka 13, pamoja na ushuhuda wa Jumamosi moja jijini Dar es Salaam.

Siku hiyo tuliwapeleka sinema. Tulipokaribia mlango, binti yetu alitusihi kwa adabu tuingie dakika tano baada yao, kwani huenda wenzake wa shule wangekuwapo. Hivyo waliolipa wakabaki nje, na waliolipiwa wakatangulia. Tuliitwa upesi, lakini ilikuwa kwa ajili ya bisi na soda, ambazo bei yake ingetosha mboga ya siku mbili nyumbani. Baada ya hapo undugu ukakatika tena: wao wakaketi mbele, sisi tukaelekezwa safu tatu nyuma yao.

Papa Pius XI, katika waraka wake Vigilanti Cura wa tarehe 29 Juni 1936, aliwahimiza maaskofu kukesha juu ya sinema, akikiri pia kwamba filamu njema yaweza kumfundisha mtu na kumwinua. Nasi tulikesha kweli, ila si juu ya filamu. Kwa muda wa saa nzima tulitazama vichwa viwili.

Kisha, katika kile kisa, mzee mmoja akafariki huku wajukuu wakikizunguka kitanda chake. Tuliona kichwa kimoja kikiinama. Mwanetu alinyanyuka gizani, akapanda ngazi, akaketi kati yetu bila kusema neno. Miezi minne kabla tulikuwa tumemzika babu yake, na tangu siku ile hakuwahi kulia mbele yetu. Sasa alilia. Mama yake akamshika mkono. Sehemu ile ilipopita, akajifuta uso, akachukua bisi zetu zilizobaki, akarudi kwa dada yake.

Mtakatifu Luka anasimulia (Lk 2:41-52) kwamba Maria na Yosefu walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani Yesu, aliyekuwa na umri wa miaka 12, yumo msafarani. Walimkuta hekaluni baada ya siku tatu, na hata jibu alilowapa hawakulielewa. Ikiwa Familia Takatifu ilipitia hayo, sisi tusione haya kuachwa nyuma. Kijana hutuweka mbali, lakini hutaka kujua tulipo. Kama tungekasirika pale mlangoni tukarudi nyumbani, mwanetu angepanda ngazi zile kumfuata nani?

Wapendwa wazazi na walezi, tusichoke kuketi safu tatu nyuma. Na tusizimalize bisi zote.

Familia Takatifu ya Nazareti, utuombee. Amina.