Kauri Saba za Bibi

Tulipopita Iringa tukitoka Mbeya, shangazi yetu alitutolea ukanda wa ngozi wa marehemu bibi, wenye kauri saba, alizozinunua ujanani kwa mtama. Zamani mwalimu mmoja alimwamuru bibi autupe, akisema ni chombo cha waganga. Na kweli, wako wanaopigia ramli kauri. Bibi hakuutupa. Aliuficha katika chungu cha mbegu, wala hakuuvaa tena hata kufa kwake. Shangazi akatuuliza, "Mwanangu, wewe uliyesoma, kitu hiki ni nini hasa?" Tukaona haya.

Basi tukashuka Kitonga, tukapita Mikumi na Morogoro hata Dar es Salaam. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilometa 800. Kunduchi tulipanda mashua kwenda kisiwa cha Mbudya, ambacho tangu 1975 ni hifadhi ya bahari. Maji yalikuwa yamekupwa. Mzee mmoja mvuvi akainua jiwe taratibu, na chini yake tukamwona kauri yu hai.

Wasomaji wapendwa, kauri ni nyumba ya konokono wa bahari, mla mwani wa mawe. Akiwa mchanga gamba lake ni jembamba, mlango wake mpana. Akikua, ukingo hujikunja kwa ndani ukaota meno. Ngozi yake hutoka pande mbili ikalifunika gamba lote, ndiyo sababu hung'aa pasipo kusuguliwa na mtu. Huyu alipoirudisha ngozi, tukaona mgongoni duara la manjano, sawasawa na zile saba. Alikuwa ameyalalia mayai yake, ameyafunika kwa mguu wake.

"Huyo ni mama," akasema mzee, akalirudisha jiwe kama lilivyokuwa, maana likiachwa limepinduliwa, jua huyaua mayai.

Kauri za namna hiyo hiyo wafanyabiashara wa Hamburg walizipakia Unguja tangu miaka ya 1840, wakazipeleka Afrika Magharibi zitumike kama fedha. Buganda nako zilikuwa fedha, na hata leo Waganda huita fedha ensimbi, yaani kauri.

Tuliporudi Iringa, shangazi alisikiliza yote kimya, ila habari ya mayai aliiuliza mara mbili: kweli huyalalia kama kuku? Kisha akaupangusa ukanda vumbi kwa ncha ya khanga yake, akautundika ukutani karibu na picha ya bibi.