Chupa Niliyotaka Kuiosha

Kwa miezi saba niliandika "sawa" kila Ijumaa kwenye daftari la ukaguzi bila kufungua kabati. Nalitaja hilo kwanza kwa sababu mengine yote yalitokana nalo.

Nilikuja London kutoka Arusha nikiwa na cheti cha ufundi sanifu wa maabara, na majivuno makubwa kuliko cheti chenyewe. Nikapata kazi kwenye sekondari moja kusini mwa jiji: kuandaa majaribio na kukagua kemikali. Kuuliza niliona ni aibu. Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga, na niliogopa wakijua sijui kitu kimoja watadhani sijui chochote. Basi kila nilichoambiwa nikaitikia, "Najua."

Sodiamu niliikariri tangu sekondari: alama yake Na, huhifadhiwa ndani ya mafuta, haikutanishwi na maji. Kwenye mtihani ningepata alama zote. Siku nilipolifungua lile kabati hatimaye, nilikuta chupa yenye lebo iliyofifia, mafuta yamepungua, vipande vimechomoza juu vikiwa na ukoko mweupe kama chokaa. Nikadhani ni chumvi fulani imegandia humo. Nikaipeleka kwenye sinki. Mkono ulikuwa tayari umeshika bomba.

"Usifungue."

Alikuwa mkuu wangu, mama wa Kiingereza aliyekaribia kustaafu. Hakupaza sauti. Alikuwa amerudi kuchukua miwani aliyoisahau mezani. Mpaka leo, nikiona miwani imesahaulika mahali, moyo unanienda mbio.

Nilingoja kufukuzwa. Taarifa aliiandika, tena bila kunificha, lakini kwenye chanzo cha kosa akaongeza na jina lake, kwamba aliweka sahihi chini ya sahihi zangu bila kuhakikisha. Sikuwa nimestahili hilo. Kisha akanivisha miwani ya kinga na glavu, akatoa kipande kwa kibanio na kukikata kwa kisu. Kilikatika kama sabuni ya mche. Ndani kiling'aa kama fedha, na tukiwa bado tunakitazama kikaanza kufifia, hewa ikikila.

Punje ndogo kama dengu akaidondosha kwenye beseni la maji nyuma ya kioo cha kinga. Ikayeyuka ikawa kitone, ikakimbia juu ya maji ikichachatika hadi ikaisha. Maji yale yakabaki na soda kali, na haidrojeni ikapotelea hewani. "Sasa fikiria chupa nzima," alisema.

Mchana wote tulishughulikia vipande vya chupa ile. Vipande vizima tulivitia kwenye mafuta mapya. Humo huzama, kwa kuwa mafuta ni mepesi zaidi, ingawa juu ya maji huelea. Vile vilivyoharibika tuliviyeyusha kwenye propanoli, kadogo kadogo, bila haraka.

Hapo ndipo nilipouliza swali langu la kwanza tangu niajiriwe: kwa nini Na, wakati neno sodium halina n wala a? Akaniambia kwamba chuma hicho laini kilipatikana mara ya kwanza humu humu London, mwaka 1807, Humphry Davy alipopitisha umeme kwenye soda kali iliyoyeyushwa, pale Royal Institution, mtaa wa Albemarle. Yeye akakiita kwa jina la soda. Lakini Berzelius wa Sweden alifuata jina la natriamu, kutoka natroni, na alama yake ndiyo iliyodumu.

"Natroni?" nikauliza tena.

Ziwa Natron liko kaskazini mwa kwetu. Na magadi, ambayo bibi alitia kwenye makande ili yaive upesi, ni chumvi za sodiamu hiyo hiyo. Nilikuwa nimeila utotoni mwangu mwote, kisha nikashindwa kuitambua kwenye chupa.

Jioni nilimpigia mama simu, nikamweleza yote, hata lile la daftari. Alinyamaza kidogo.

"Yaani mwanangu umekwenda hadi London ukafundishwe magadi?"

"Ndiyo, mama."

Akacheka mpaka salio likakata.