Ureno kwa Macho ya Mtu wa Pwani

Likizo za shule zinapokaribia, jamaa zetu waliojaaliwa uwezo, au wenye watoto na ndugu walioko Ulaya, huanza kuulizana waende wapi. Wengi huishia London, kwani ndiko waliko ndugu. Wengine hupenda Istanbul, na waliosoma kidogo historia ya Uislamu hutamani Hispania, wakaione Alhambra na msikiti wa Kordoba. Ni nadra kumsikia mtu akiitaja Ureno. Hilo ni jambo la kustaajabisha, maana nchi hiyo ndogo iliyoko ukingoni mwa Ulaya tunaitaja kila siku bila kujua. Tunakula mezani, tunajifunga leso, tunapandisha bendera, tunatia nguo kashani na mto katika foronya. Maneno yote hayo tumeyapokea kutoka kwa Wareno. Hata gereza asili yake ni neno lao la kanisa. Na jengo linalopigwa picha kuliko yote mjini Mombasa, Ngome ya Yesu, walilijenga wao tangu 1593.

Kabla ya safari, mzazi angefanya vyema kuwaeleza watoto wake habari ya mfalme mmoja, Manuel wa Kwanza. Mnamo Disemba 1496 alitoa amri kwamba Waislamu na Mayahudi wote waondoke katika milki yake. Waislamu hao hawakuwa wageni. Wazee wao walikuwa katika ardhi hiyo tangu karne ya nane, waliitawala kwa zaidi ya miaka mia tano, na baada ya kushindwa waliendelea kuishi humo kama raia wa wafalme Wakristo. Miezi saba baada ya amri hiyo, Julai 1497, mfalme yule yule alimtuma Vasco da Gama baharini, na Aprili 1498 merikebu zake zikatokea mbele ya Mombasa. Mwenye kuyajua mambo hayo mawili ataiona Ureno tofauti na aonavyo mtalii mwingine. Kila mji una kurasa mbili: ule walioachishwa ndugu zetu wa zamani, na ule uliopambwa kwa mali iliyotoka kwetu.

Lisbon ndio mlango, na watu wengi huanzia Belém, kando ya mto Tagus, mahali ambapo merikebu ziling'olea nanga. Hapo pana nyumba kuu ya watawa iitwayo Jerónimos, iliyoanza kujengwa 1501. Gharama zake zililipwa kwa sehemu kubwa na kodi iliyotozwa biashara ya Afrika na Mashariki, pilipili na viungo vinginevyo. Mawe yake yamechongwa kamba za merikebu, matumbawe na vitu vya baharini, na kazi yenyewe ni ya ustadi usiokanika. Ndani ya kanisa limo kaburi la Vasco da Gama, na mkabala nalo kaburi la mshairi Camões, ambaye katika utenzi wake uliochapishwa 1572 aliieleza Mombasa kuwa mji wa hila na Malindi kuwa mji wa ukarimu. (Watu wa Malindi wasifurahi mno, kila mshairi humsifu aliyempa maji.) Asiyestarehe kuingia kanisani atosheke na ua wa ndani wenye matao, ambao kwa hakika ndio sehemu nzuri zaidi.

Hatua chache kutoka hapo umo mnara wa Belém, na kati yao jiwe kubwa la ukumbusho lenye umbo la omo ya merikebu, urefu wa mita 52, lililosimamishwa 1960 wakati Ureno ingali chini ya utawala wa kimabavu na ingali imeshikilia makoloni yake ya Afrika. Jina lake ni Padrão, neno lile lile lililotumiwa kwa nguzo za mawe ambazo mabaharia walizisimika walikofika, kama ile iliyoko Malindi hadi leo. Mimi sikioni kikiwa na uzuri wowote kinyago hicho. Lakini sakafuni mbele yake pamechorwa ramani ya dunia kwa marumaru, na watoto hupenda kuikanyaga wakiitafuta Afrika Mashariki.

Kama una asubuhi moja tu mjini Lisbon, usiitumie Belém. Nenda Jumba la Taifa la Sanaa za Kale, Museu Nacional de Arte Antiga, ukaulize iliko Custódia de Belém. Ni chombo cha ibada ya Kikatoliki, kimetengenezwa kwa dhahabu na rangi za kuyeyushwa, chenye nguzo nyembamba kama minara na sanamu ndogo za wanafunzi kumi na wawili wa Nabii Isa, alayhi ssalaam, wakiwa wamepiga magoti. Kilifuliwa na sonara Gil Vicente, kikakamilika 1506. Na dhahabu yake ni ya Kilwa.

Sisemi hivyo kwa kukisia, wala si uvumi wa wazee. Kwenye kitako cha chombo hicho yamezungushwa maandishi ya Kireno yanayosema kwamba mfalme Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya ushuru wa Kilwa. Katika safari yake ya pili, 1502, Vasco da Gama alitia nanga mbele ya mji huo akamtishia mtawala wake, Amiri Ibrahimu, kwamba asipokubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kutoa dhahabu, mji utateketezwa. Dhahabu ikatolewa. Ilikuwa imetoka bara, nyuma ya Sofala, ikapita mikononi mwa wafanyabiashara Waislamu waliokuwa wakijenga misikiti ya mawe ambayo magofu yake bado tunayaona Kilwa Kisiwani. Kutoa huko hakukuinusuru Kilwa: 1505 majeshi ya Francisco de Almeida yaliivamia, kisha yakaja Mombasa, yakaipora na kuichoma moto.

Wageni hupita mbele ya kioo kile wakastaajabia mkono wa sonara, nao una haki ya kustaajabiwa. Mtoto wa pwani asimame hapo muda mrefu zaidi kidogo. Atakuwa ameiona kwa macho yake dhahabu ambayo vitabu vyetu vya historia huitaja kwa neno moja tu, “biashara”.

Kutoka hapo panda kilimani hadi mitaa ya kale. Alfama, mtaa wa vichochoro na ngazi ulio chini ya ngome ya São Jorge, jina lake ni la Kiarabu, lenye maana ya chemchemi za maji moto. Mtetemeko mkuu wa ardhi wa 1755 uliubomoa mji mwingi lakini mtaa huu ukasalimika kwa kiasi kikubwa, na mwenyeji wa Mji wa Kale wa Mombasa au wa Lamu hatahitaji kuelekezwa namna ya kutembea humo: kuta zimekaribiana, nguo zimeanikwa madirishani, wazee wamekaa mlangoni. Upande wa pili wa kilima ni Mouraria. Mji ulipotekwa 1147, Waislamu waliobaki walitengewa makao huko, nje ya ukuta. Subhanallah, leo mtaa huo huo umejaa wahamiaji kutoka Bangladesh, Pakistan na Uhindi, na ndimo utakamopata chakula cha halali bila kuhangaika. Mji ulipowatupa Waislamu ndipo walipokuja kufungua maduka.

Sala ya Ijumaa waweza kuisali katika Msikiti Mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa 1985. Wengi wa walioujenga ni Waislamu wenye asili ya Kihindi waliotoka Msumbiji baada ya uhuru wa 1975, pamoja na ndugu kutoka Guinea-Bissau. Msumbiji ya kaskazini ni pwani moja na yetu, kwa hiyo usishangae ukikuta watu wenye desturi unazozifahamu.

Sintra iko mwendo wa treni wa dakika kama arubaini kutoka Lisbon, na ni safari ya siku moja. Watalii hukimbilia kasri la Pena lenye rangi nyekundu na manjano, ambalo kwangu mimi ni kama keki ya harusi. Jirani yake ziko kuta za ngome iitwayo ya Wamori, yaani Waislamu, zikipanda na kushuka juu ya majabali. Siku isiyo na ukungu unaiona bahari ya Atlantiki. Wazee na wenye maumivu ya magoti wabaki chini, ngazi ni nyingi na hazina mzaha.

Kaskazini sitakaa sana. Porto ni mji mzuri wenye daraja la chuma la 1886, ila sifa yake kubwa ni mvinyo, nasi hatuna shughuli nao. Katikati ya nchi pana Fátima, kituo kikuu cha ziara cha Wakatoliki tangu 1917. Jina la kijiji ni la Kiarabu kama tulijuavyo, na wenyeji wana ngano yao ya binti wa Kiislamu aliyeishi hapo.

Kusini ndiko moyo ulipo. Mkoa wa Algarve umechukua jina lake katika al-Gharb, magharibi, yaani magharibi ya Andalusia. Njiani kuelekea huko, fanya juhudi ufike Mértola. Treni haifiki, itakubidi upande basi au ukodi gari. Ni mji mdogo mweupe juu ya mto Guadiana, ambamo zamani majahazi yalipanda kutoka baharini. Kanisa lake kuu lilikuwa msikiti katika karne ya kumi na mbili. Mji ulipotekwa 1238 hawakuubomoa, wakaugeuza tu. Ukiingia unaona nguzo zilizopangwa kama za msikiti, milango yenye tao la kwato ya farasi, na nyuma ya madhabahu, mihrabu, ikiwa bado na mapambo yake ya plasta. Si mahali pa kusali. Ni kanisa la watu, nasi tuliheshimu kama tunavyotaka misikiti yetu iheshimiwe. Inatosha kusimama kimya.

Linalotia moyo Mértola ni kwamba wenyeji wenyewe ndio waliofukua historia hiyo. Tangu 1978, chini ya mwanahistoria Cláudio Torres, wamechimba nyumba, mitungi na sahani za zama za Kiislamu na kuziweka katika jumba la makumbusho. Kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Mei, vichochoro hugeuzwa soko na mji husherehekea urithi wake wa Kiislamu. Mji huu uliwahi kutawaliwa na mwanachuoni wa Kisufi, Ibn Qasi, aliyeasi utawala wa Murabitun 1144. Ribati yake imefukuliwa huko Arrifana, juu ya jabali linalotazama Atlantiki, na misingi ya misikiti midogo inaonekana. Neno ribati si geni kwa wasomaji wetu wa Lamu.

Silves ndio uliokuwa mji mkuu wa Algarve ya Waislamu. Ngome yake ni ya mawe mekundu, na ndani yake pana birika kubwa la kuhifadhia maji. Kwenye makumbusho ya mji limehifadhiwa shimo la kisima cha zama za Muwahhidun, lenye ngazi inayozunguka hadi chini. Anayevikumbuka visima vya Gedi atapenda kulinganisha. Hapa ndipo al-Mu'tamid, mzaliwa wa Beja, alipotawala akiwa kijana kabla ya kuwa mfalme wa Ishbilia na mmoja wa washairi wakubwa wa Andalusia. Alifia uhamishoni Aghmat, Moroko, 1095. Mji umeupa uwanja mmoja jina lake.

Sasa maneno machache ya manufaa. Utahitaji viza ya Schengen, uiombe mapema. Likizo ya Aprili ni bora kuliko ya Agosti, kwani Agosti kuna joto, bei hupanda, na fukwe za Algarve hujaa watu kwa mavazi ambayo mwenye watoto hatayafurahia. Majumba mengi ya makumbusho hufungwa Jumatatu, na mengine hufungwa kwa matengenezo, basi hakikisha kwanza. Mwezi wa Juni jua la Lisbon huzama baada ya saa tatu usiku. Mshukuru Mola kwa ruhusa aliyompa msafiri ya kupunguza na kukusanya Sala. Kuhusu chakula, kimbilio letu ni samaki: bacalhau, ambaye ni ng'onda wao, na sardini wa kuchoma kwa mafuta ya zeituni. Uliza kila mara kama mna vinho, na kwenye vitumbua na keki uliza kama mna banha, shahamu ya nguruwe. Peremende za lozi na tini za Algarve ni tamu, nazo ni urithi wa bustani za Waislamu. Ukimsikia mwenyeji akisema “oxalá” anapotarajia jambo, ujue ametamka inshallah iliyochakaa kwa karne nyingi.

Mwisho wa njia ni Faro, mji wa mwisho kutekwa, 1249. Pita chini ya lango liitwalo Arco da Vila, ambalo juu yake korongo hujenga viota. Wengi hulipita wakiwatazama ndege. Ndani ya ukuta, upande mmoja, utauona mlango wa kale wenye tao la kwato ya farasi. Ulikuwa mlango wa wanaoingia mjini kutoka baharini.