Muziki wa Pande Mbili

Msomaji, muziki ni kama mto. Ukipokea maji ya mto mwingine hupanuka, lakini watu wengi huogopa mapokezi hayo. Husema kwamba achanganyaye hupoteza cha kwao na cha wageni pia. Mimi nina maoni mengine, na sababu yangu ni hii.

Philip Glass alizaliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1937. Katika ujana wake alikwenda Paris kujifunza utunzi kwa Nadia Boulanger, mwalimu mkali aliyeshika sana misingi ya muziki wa Ulaya. Huko alipata kazi ya kuandika kwa alama za Kizungu muziki wa Ravi Shankar, bingwa wa sitari kutoka Bara Hindi, uliotakiwa kwa filamu ya Chappaqua ya mwaka 1966.

Tazama shida iliyomkabili. Katika maandishi ya Ulaya, mistari ya wima hukata mapigo mafungu mafungu. Raga ina desturi nyingine. Ni utaratibu wa sauti wenye njia yake ya kupanda na njia yake ya kushuka, na aghalabu una saa yake, ya alfajiri au ya usiku. Mapigo yake huzunguka kama gurudumu: mzunguko uitwao tintal una mapigo 16, kisha hurudi ulikoanzia. Kila Glass alipoweka mistari, Alla Rakha, mpiga tabla, alikataa, kwa maana mkazo uliangukia pasipo pake. Mwishowe kijana aliifuta mistari yote. Ndipo alipoona mapigo mawili mawili na matatu matatu yakiungana kuwa mzunguko mrefu. Jambo hilo likawa msingi wa tungo zake. Mwaka 1990 yeye na Shankar walitoa albamu iitwayo Passages, kila mmoja akitunga juu ya sauti za mwenzake.

Je, alipoteza cha kwao? La, hasha. Elimu ya Boulanger ilibaki naye. Alichoacha ni dhana kwamba kipimo kimoja chatosha kupimia kila kitu.

Wala usidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Tabla imelia miaka mingi katika taarab ya Mombasa, na Kiswahili cha nyimbo zile hakikufa. Basi, kijana, ukitaka kuchanganya, jifunze kwanza. Atakaye kuchota katika visima viwili hana budi kujua kina cha vyote viwili.