Buibui na Cheni ya Bonneville

Mabibi harusi mnatuuliza mke avaeje akipanda pikipiki na mumewe.

Sisi, mke wa Unguja na mume Mrangi, tunaishi Dodoma, na chombo chetu ni Triumph Bonneville ya mtumba, ya Kiingereza. Ilikaa sana bila kuwashwa, jeti za kabureta zake mbili zikaziba. Fundi wa Boxer mtaani aliifungua kwa spana zake za kila siku, maana Triumph za sasa nati zake ni za milimita, si za inchi kama zile za zamani. Vumbi jekundu la huku nalo lina kesi yake. Chujio la hewa tunalitazama kila wiki.

Ila lenu nyinyi ni cheni. Boxer za bodaboda cheni zake hufunikwa na bati juu na chini. Ya Bonneville iko wazi, upande wa kulia, ina kikinga cha juu tu. Buibui au mtandio ukinaswa humo, gurudumu halisubiri: unavutwa chini, au unakabwa na nguo yako mwenyewe.

Basi tukienda Kondoa kwa wakwe, kama kilomita 160 za lami, mke huvaa suruali pana, buibui likakunjwa na kufungwa mkanda, ushungi ndani ya jaketi, helmeti juu. Hukaa kwa kutanua miguu. Mashangazi walinuna, eti si heshima. Tukawaonyesha pindo linavyoning'inia ukikaa upande. Wakanyamaza, mmoja akaomba kuzungushwa mtaani.

Tunasoma dua ya kipando, mume anazunguka kulia kutazama pindo, ndipo tunawasha. Kondoa, buibui hukunjuliwa kabla ya kubisha hodi kwa mama mkwe.